Chai ya asubuhi haileti mtoto wa kiume

Maneno haya niliyasema Jumamosi kwenye mkutano wa wazazi hapa Tanga. Waliokosa wameniandama niwaandikie, basi nayaweka yote. Picha za ukutani nimeziacha. Hazikuwa na maana kubwa.

Wazee wetu mliokaa mbele, kina mama, kina baba, vijana mnaojiandaa na ndoa, nanyi mliokuja kusindikiza tu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni nyote mlionizidi umri, ingawa siku hizi mmebaki wachache.

Nimeombwa nizungumzie chakula cha mama mjamzito. Nitazungumza. Lakini kwanza nyosheni mikono, na msinifiche. Nani ameipata ile sauti ya WhatsApp? Ile ya bwana mwenye sauti nzito, anayesema ukitaka mtoto wa kiume, mama anywe chai nzito kabla ya saa 1 asubuhi, ale ndizi na kitu cha chumvi, na usiku asilale bila kutia kitu tumboni. Ukitaka wa kike, chai airuke mpaka saa 6 mchana, ale mtindi, chumvi aikimbie. Nani ameipata? Haya, shusheni. Naona mikono ya kina baba ni mingi kuliko ya kina mama. Nimewaona!

Mimi nimetumiwa sauti ile na watu wazima wenye shahada zao. Nimetumiwa na mpwa wangu, akaandika chini yake, "Shangazi, hii ni kweli?" Mpwa wangu umekaa pale nyuma, jibu lako hili hapa: si kweli. Lakini nikiishia hapo, jioni mtaisambaza tena. Kwa hiyo tukae kidogo.

Nimefanya kazi ya ukunga mpaka nimestaafu. Katika wodi ya wazazi, swali la kwanza mama anauliza, "Mtoto mzima?" Swali la kwanza linalotoka nje ya mlango ni, "Amepata nani?" Mnalijua swali hilo. Na mnaujua ule ukimya unaofuata jibu likiwa "wa kike" kwa mara ya nne.

Basi tuanze na hili: mtoto wa kike au wa kiume hupangwa wapi, na hupangwa lini?

Mwaka 1905 kule Marekani, katika chuo cha Bryn Mawr, alikuwepo mwanamke mmoja mtafiti, jina lake Nettie Stevens. Kina mama, mnawajua wale funza wanaoingia kwenye unga uliokaa sana? Ninyi mnawachekecha na kuwatupa. Yeye aliwachukua funza wa jamii hiyo akawaweka chini ya hadubini. Akahesabu kromosomu zao, zile nyuzi ndogo mno ndani ya chembe za mwili zinazobeba urithi. Jike alikuwa na 20, zote kubwa. Dume naye alikuwa na 20, lakini 19 kubwa na 1 ndogo, ndogo kweli. Akaangalia mbegu za dume. Nusu zilibeba 10 kubwa. Nusu zilibeba 9 kubwa na ile ndogo. Mayai ya jike je? Yote sawasawa. Basi mama akawa amepata jawabu ambalo wanafalsafa walilitafuta tangu enzi za Wagiriki: tofauti inatoka kwenye mbegu ya dume.

Kwetu wanadamu ni vivyo hivyo. Yai la mama hubeba kromosomu X, leo X, kesho X, mpaka atakapokoma kuzaa ni X. Mbegu za baba, nusu zina X na nusu zina Y. Ikiwahi yenye X, huyo ni msichana. Ikiwahi yenye Y, huyo ni mvulana. Imekwisha siku hiyohiyo, kabla mama hajajua kama ana mimba.

Sasa niambieni, ile chai ya saa 1 asubuhi inaingia wapi hapo? Inaingia tumboni kwa mama. Na Y iko kwa nani?

(Kina mama walipiga makofi na vigelegele.)

Subirini, kina mama, msishangilie mapema. Nimeshawasikia wanawake wakitoka na somo hili wakaenda kumsimanga mume: "Kumbe kasoro ni wewe!" Hapana. Baba anabeba zile mbegu, hazichagui. Hana ufunguo wa kuifungulia Y na kuizuia X. Tumeutoa mzigo kichwani kwa mama, tusiutwike kwa baba. Tuuweke chini kabisa.

Wapo viumbe ambao mambo ya nje huwapangia jinsia, na wengine tunao hapahapa pwani. Kasa wa Mafia, kasa wa Watamu, hutaga mayai mchangani na kurudi baharini. Yale mayai joto la mchanga ndilo linaloamua. Kwenye nyuzi 29 hivi, wa kike na wa kiume huwa karibu sawa. Mchanga ukizidi joto, wanatoka majike watupu. Kama tungekuwa kasa, yule bwana wa WhatsApp angekuwa na hoja, na hata hivyo angezungumzia mchanga, asingezungumzia ndizi.

Mtu ataniambia, "Lakini mkunga, wifi yangu alifuata masharti, akapata dume." Naam. Namwamini wifi yako. Hapa ndipo penyewe, nisikilizeni vizuri.

Tuseme mimi nimechoka na pensheni yangu, nimeamua kufungua biashara. Nauza masharti ya kupata mtoto wa kiume kwa shilingi elfu 30. Na kwa kuwa mimi ni mcha Mungu, naweka dhamana: ukikosa, narudisha hela yako yote, hata senti sikati. Wanakuja wanawake 100. Nawaambia wanywe maji ya bomba saa 12 kamili alfajiri wakiwa wametazama baharini. Miezi tisa inapita. Wangapi watapata wavulana? Takribani 50. Wangepata hata kama wangetazama Usambara. Wale 50 waliokosa nawarudishia hela zao, na pole juu. Mkononi nabaki na milioni moja na nusu. Nabaki na kina mama 50 wanaonisifu kwenye kila harusi na kila msiba. Na wale niliowarudishia hela nao wananiita muungwana! Ni sawa na kuuza dawa ya mvua mwezi wa Aprili.

Mnaona biashara ilivyo nzuri? Haihitaji duka. Haihitaji dawa. Inahitaji nusu ya watu wapate, na nusu ya watu watapata.

Na yule mwenye wasichana wanne watupu, ambaye mama mkwe ameshaanza kumwambia mwanawe atafute mwingine? Chukueni familia 160, kila moja ina watoto wanne. Kwa bahati peke yake, bila uchawi, bila laana, bila kosa la mtu, takribani familia 10 zitakuwa na wasichana watupu. Na nyingine 10 zitakuwa na wavulana watupu. Mtaa wenu una familia ngapi? Basi lazima wawepo. Na mimba ya tano? Haikumbuki zile nne. Nafasi ni ileile, karibu nusu kwa nusu.

Nasema karibu, kwa sababu wavulana huzidi kidogo. Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1710, John Arbuthnot, daktari wa Malkia Anne wa Uingereza, alipekua daftari za ubatizo za London za miaka 82. Kila mwaka, narudia, kila mwaka katika ile 82, wavulana waliobatizwa walizidi wasichana. Na London ile ilipita mangapi humo katikati? Vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tauni ya 1665. Moto wa 1666 ulioteketeza mji. Watu wameshiba, watu wamelala njaa, na hesabu imekataa kupinduka. Arbuthnot mwenyewe alisema huo ni mkono wa Mungu. Sibishani naye.

Lakini nitakuwa sikutenda haki nisipowaambia kwamba wataalamu nao wameligusa suala la chakula. Mwaka 2008 Uingereza, Fiona Mathews na wenzake walitoa utafiti wa kina mama 740 wenye mimba ya kwanza. Waliokula chakula cha nguvu nyingi zaidi kabla ya mimba, 56 kati ya 100 walizaa wavulana. Waliokula kidogo zaidi, 45 kati ya 100. Na chakula kimoja kikajitokeza kuliko vyote: zile nafaka za kwenye boksi zinazomwagiwa maziwa asubuhi. Magazeti yakalichukua dunia nzima. Naamini yule bwana wa WhatsApp ni mjukuu wa magazeti yale, ila boksi la nafaka limegeuka ndizi na chai.

Mwaka uliofuata, 2009, wataalamu wa takwimu wakiongozwa na Stanley Young waliichukua hesabu ileile wakaipitia upya, wakaandika kwenye jarida lilelile. Wakasema hivi: mmewauliza kina mama vyakula zaidi ya mia. Ukijaribu vyakula 100 ambavyo havina athari yoyote, kwa kipimo cha kawaida cha utafiti, 5 hivi vitaonekana vina athari. Kwa bahati tu! Leo ni nafaka, ungerudia utafiti ingekuwa maharage. Kwa maoni yao, hicho ndicho kilichotokea. Mnakumbuka gazeti lililoandika hayo kwa herufi kubwa? Mimi pia sikumbuki.

Kabla ya hapo Wafaransa walishakuja na mlo wa madini: chumvi na potasiamu kwa wanaotaka mvulana, maziwa na kalsiamu kwa wanaotaka msichana. Ile habari ya mtindi na chumvi imetoka huko, ina umri wa miaka 40 na zaidi. Mwenye presha akiambiwa azidishe chumvi ili apate dume, mnajua ataishia wapi.

Sauti ile ina sehemu nyingine inayohusu siku za mume na mke kukutana. Kuna watoto hapa, napita haraka. Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake waliwafuatilia wanawake 221 kule North Carolina, Marekani, wakipima mkojo wa kila siku ili kuijua siku yenyewe ya yai kutoka. Siku ya kukutana ilisaidia kujua kama mimba itaingia. Jinsia ya mtoto haikubadilika kwa siku. Tumepita.

Sasa, mtu mpole ataniuliza: "Lakini ukimwacha mama anywe chai mapema au achelewe, ubaya uko wapi?" Ubaya upo, na niliuona.

Alikuja kliniki mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Ana wavulana watatu, anatamani wa kike. Alikuwa ameacha chai ya asubuhi. Anaamka saa 11, anaandaa watoto, anapanda daladala, anasimama darasani mpaka saa 6 mchana na tumbo tupu. Mimba ilishaingia, na bado alikuwa anaendelea. Nikamuuliza, "Mwalimu, mbona mimba tayari unayo?" Akasema, "Dada, naogopa nisije nikaharibu." Nikamvuta ukope wa chini, ndani hapakuwa na wekundu. Nikamwambia afungue kiganja, mistari ya mkononi imefifia. Tukapima damu: 7. Kwa mjamzito tunataka isishuke chini ya 11. Mwalimu huyu alikuwa na akili zake timamu. Anafundisha watoto kuzidisha na kugawanya. Alizaa mvulana wa nne, kilo 2 na gramu 300, naye mwenyewe tukamwongezea damu. Na ndugu wa kuchangia damu walipatikana kwa shida.

Mnasema ubaya uko wapi?

Njaa kali ina historia yake katika jambo hili, na ndiyo inayowachanganya watu. Uchina, njaa kubwa ya 1959 mpaka 1961, mtafiti Shige Song alikuta idadi ya wavulana wanaozaliwa ilishuka. Uholanzi, njaa ya vita ya 1944 na 1945, watafiti walitafuta wakakuta haikushuka. Hata pale iliposhuka, msiseme njaa iligeuza wavulana kuwa wasichana. Hakuna wa kugeuzwa. Maelezo ninayoyaona ya kweli ni kwamba mimba zilitoka, na zile za kiume zilitoka zaidi. Mnanielewa? Anayejinyima chakula ili apate binti, kama kuna anachokiongeza, anaongeza hatari ya kupoteza mtoto.

Na hapa Tanga siwezi kuzungumza saa za kula nikairuka Ramadhani. Mwaka 2011 wachumi wawili, Douglas Almond na Bhashkar Mazumder, walichapisha uchunguzi wa vizazi vya familia za Kiarabu jimboni Michigan. Waliona uzito wa watoto ulipungua kidogo pale Ramadhani ilipoangukia ndani ya mimba, na wavulana walipungua pale ilipoangukia karibu na kutunga mimba. Waliangalia pia sensa ya jirani zetu Uganda, kutazama afya ya watu waliokwisha kuwa wakubwa. Lakini wao walijua tarehe za kuzaliwa tu. Nani alifunga na nani hakufunga hawakujua. Kwa hiyo msiitumie habari hii kama kalenda ya kutafutia binti. Itumieni kukumbuka ruhusa mliyopewa: mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto wake anaweza kula. Masheikh wetu wako hapa mbele, watawaeleza kulipa kwake. Ruhusa imekuja, mbona tunaikataa kwa kuogopa majirani?

Na kuna jambo baya kuliko kuruka chai. Huko Haryana, kaskazini mwa India, wanawake hupewa unga wa kienyeji mimba ikiwa na wiki chache, wanywe na maziwa ya ng'ombe aliyezaa ndama dume. Fikirini hilo. Wiki chache, maana yake jinsia imeshapangwa siku nyingi. Baadhi ya unga huo ulipopimwa ulikutwa na homoni. Sutapa Neogi na wenzake waliwalinganisha kina mama, wakakuta waliotumia dawa hizo walikuwa na hatari ya takribani mara tatu ya kuzaa mtoto mwenye ulemavu wa kuzaliwa. Mama alikuwa akitafuta heshima ukweni. Hakuna aliyemwambia kwamba wiki zile ndizo kiungo cha mtoto kinajengwa.

Nimalizie na saa za kula zenyewe, maana zipo saa ambazo kweli zina kazi.

Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Vidonge vya FEFO, vile vya madini ya chuma na vitamini ya foliki asidi, mnapewa kliniki. Mnavimeza na nini? Semeni kweli. Na chai! Chai ya rangi, ya moto, pamoja na maharage na mchicha. Chai inashika madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na kwenye kidonge, mwili unapata kidogo. Kwa hiyo kidonge na maji, au na juisi ya chungwa, ndimu, ukwaju. Chakula kikishaliwa, chai isubiri saa moja au mbili. Wanaosikia kichefuchefu wameze FEFO usiku wakienda kulala. Wale wa udongo wa pemba, nawaona mnatazamana, huo nao unazuia chuma, na hamu yake mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Njooni mpimwe kabla hamjaenda sokoni kununua mwingine.

Foliki asidi ianze kabla ya mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, mama hajamaliza hata kujiuliza mbona amechelewa. Anayesubiri mpaka tumbo lionekane amechelewa kwa hilo.

Chai ya asubuhi, kina mama, kunyweni saa mnayoamka, mle na yai. Ndiyo, yai, mtoto hatazaliwa na kipara. Wauguzi wana meza pale chini ya mwembe, wana kipimo cha damu, kidole kimoja tu na majibu unayapata hapohapo. Kina baba, foleni ni ya wote wawili. Aliyekuwa ameshika simu kunirekodi, sasa anaweza kuuliza swali la kwanza.